Mikebe Miwili ya Mama Nafula

Ukija mtaa wetu wa Jericho leo ukauliza nyumba ya Baba Nafula utazungushwa, lakini ukimtaja Profesa wa Chumvi, mtoto wa darasa la kwanza atakushika mkono akulete mpaka mlangoni kwangu, na jina hilo sikubandikwa na adui, nililitafuta mwenyewe kwa mikono yangu miwili, Jumapili mchana kweupe, nikiwa nimevaa suruali yangu ya kanisani. Nimeona afadhali niwaeleze mimi kuliko mwendelee kuisikia kwa Omondi, maana Omondi kila akiisimulia anaongeza chake (juzi nimesikia eti nilizimia, sikuzimia, niliinama tu).

Kazi yangu, kwa wasiojua, ni kusoma prufu katika kiwanda kimoja cha uchapaji huko Industrial Area. Kabla kitabu hakijachapwa, karatasi za kwanza zinaletwa mezani kwangu nitafute makosa, na kwa vile kiwanda kinachapa kila kitu, kuanzia kadi za harusi mpaka majarida ya madaktari, nimejikuta nasoma mambo ambayo shule yangu ya darasa la nane haikunitayarishia. Mtu akisoma maneno ya wasomi mchana kutwa, miaka nenda miaka rudi, kichwa kinajaa, na kichwa kikijaa mdomo unaanza kuwasha. Mke wangu, Mama Nafula, alichoka kusikiliza habari za setilaiti wakati anachambua sukuma wiki, akaniambia nitafute watu wengine.

Nikawatafuta. Karanja, mwenye duka pale karibu na soko, alinikubalia nipigilie ubao kwenye ukuta wake wa nje, na kila Jumapili nikawa nabandika karatasi kubwa niliyoiandika kwa mkono, Kiswahili chepesi cha kusomwa na yeyote, kichwa chake kikiwa WATAALAMU WAMEGUNDUA NINI. Niliandika jinsi ndui ilivyowindwa mpaka ikaisha duniani, nikaandika kwa nini setilaiti haituangukii, nikaandika habari za mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa bila kukipasua. Watu walisoma, wakabisha, wakarudi na wenzao. Hapo ndipo Omondi, fundi wa reli anayekaa mstari wa nyuma yetu, aliponipa jina la Profesa, kwa dharau, lakini mimi nikalichukua kwa heshima.

Wiki ninayoisema ilipita mezani kwangu makala kuhusu watoto wanaohara. Niliisoma mara moja kutafuta makosa, halafu nikairudia mara tatu kwa ajili yangu mwenyewe. Ilikuwa ikisema kwamba mtoto anayehara hauawi na kuhara kwenyewe, anauawa na kukauka, na kwamba wataalamu wamegundua njia ya kuyarudisha maji mwilini bila sindano wala mpira wa hospitali, kwa maji safi, sukari na chumvi tu. Kumbe ukuta wa utumbo una vijilango, na hata mtoto akiwa anahara vibaya, kuna vijilango ambavyo bado vinafanya kazi. Niliandika kwenye ubao kwamba vijilango hivyo ni kama yule bawabu wa dansi pale sosho, ukumbi wetu wa mtaa: chumvi akija peke yake anasumbuliwa mlangoni, lakini akija ameshikana mkono na sukari wanapita wote wawili, na maji yanawafuata ndani. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe kwa kisu. Nikaandika pia onyo: chumvi ikizidi mambo yanageuka, inayavuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza, na mtoto anakauka zaidi. Mstari wa mwisho kabisa ulisema: kabla ya kumpa mtoto, onja, yasizidi chumvi ya machozi.

Niliuandika mstari huo mimi, kwa mkono huu, tena kwa wino mwekundu. Ukumbukeni.

Sasa, nyumba yetu ya kaunsili ya jiji tulikuwa tunaigawana na familia nyingine, kama wengi walivyofanya. Chumba kimoja chetu, kingine cha Mama Wambui na mumewe, jiko la wote. Jumapili ile mume wake alikuwa Nakuru kikazi, na mama mkwe, ambaye sote tulimwita Cucu kwa sababu ndivyo wajukuu wake wa Kikuyu walivyomwita nyanya yao, alikuwa amekuja kutoka Murang'a kumsaidia, maana yule mtoto mdogo, Mwangi, wa miezi minane, alikuwa anahara tangu Ijumaa usiku. Asubuhi nilipotoka bafuni nilimwona mgongoni kwa mama yake. Macho yalikuwa yamezama, utosi umebonyea, na alikuwa analia bila machozi, ile sauti ndogo ya kukwaruza, na mimi niliyekuwa nimesoma makala ile mara nne nikajua maana yake, na nikaogopa.

"Amekunywa maji?" nikamuuliza Mama Wambui.

"Cucu amekataa. Anasema tumnyime mpaka tumbo likauke."

Cucu akatokea jikoni akijifuta mikono. "Baba Nafula, maji ndiyo yanamtoka huyu mtoto, na wewe unataka tumwongezee mengine? Yatokee wapi tena?"

Hebu semeni ukweli, kwa mtu ambaye hajasoma ile makala, maneno ya Cucu yana kosa gani? Hayana. Ndiyo maana sikumlaumu, nikamweleza habari ya vijilango, na alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimeviona kwa macho yangu. Zahanati ya mtaa ilikuwa imefungwa kwa sababu ya Jumapili, na Mama Wambui alikuwa amepanga kumpeleka Jumatatu alfajiri, lakini nikimtazama Mwangi sikuona Jumatatu. Nikamwambia, "Njoo saa nane pale kwa ubao wangu, uje na Cucu. Nitayachanganya mbele ya watu wote, mtaona, na tutaanza kumpa hapo hapo."

Mtaniuliza kwa nini sikuyachanganya pale pale jikoni, na mimi nimejiuliza hivyo mara nyingi. Jibu ni majivuno. Nilitaka Cucu ashindwe mbele ya watu, na nilitaka Omondi awepo akishindwa. Hilo lilikuwa kosa, lakini si lile lililoniangusha. Lililoniangusha lilikuwa dogo zaidi: saa saba na nusu mke wangu alikuwa bado kanisani na chama cha akina mama, angerudi baada ya nusu saa hivi, na mimi nikaona sina haja ya kumngoja. Nikaingia jikoni nikachukua mikebe miwili kwenye rafu yetu.

Ilikuwa mikebe ya mafuta ya kupikia iliyoisha, inafanana kabisa, na kila mmoja una karatasi niliyoibandika mwenyewe kwa gundi ya kiwandani: SUKARI, CHUMVI, herufi kubwa, zimenyooka. Mtu wa prufu akiona maandishi safi, tena ya mkono wake mwenyewe, hana swali. Nikaweka mikebe kwenye kikapu, na kijiko, kisu na jagi, na sufuria ya maji niliyokuwa nimeyachemsha asubuhi, nikatoka kifua mbele.

Pale dukani watu walikuwa wengi kuliko Jumapili yoyote, maana habari zilikuwa zimesambaa kwamba Profesa anatibu mtoto. Nikahesabu nyuso kama thelathini. Mama Wambui alikaa kwenye kreti ya soda, Mwangi mapajani, kimya sasa, hata kile kilio cha asubuhi kimemwisha. Cucu alisimama nyuma yake amekunja mikono.

Shida ya kwanza ilikuwa kupima lita. Karanja alikuwa na chupa za soda, lakini chupa ya soda haitoi lita kamili. Omondi akacheka, akaenda kwake akarudi na chupa mbili tupu za bia. "Omera Profesa, hii ni nusu lita, imeandikwa hapa chini. Mbili ni lita. Hata sisi walevi tuna sayansi yetu." Watu wakacheka, na mimi mzee wa kanisa (ndiyo, nilikuwa karani wa baraza) nikazikosha kwa maji moto ya Karanja, nikajaza ya kwanza kutoka sufuriani, nikaimimina kwenye jagi, nikajaza ya pili, nikaiinua juu watu waone imejaa mpaka shingoni.

Wakati huo huo, kumbukeni, akina mama wa kanisa walikuwa wanatoka kanisani wakiteremka na ile barabara, na walichoona kwa mbali ni karani wao ameinua chupa ya bia juu huku umati unashangilia. Sikuwaona. Nilikuwa nimevua miwani, kwa sababu mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa uzi na nikaona haimfai mtu anayehutubia.

Nikafungua mkebe wa SUKARI. Mwaka ule sukari ilikuwa imeadimika mjini kote, watu wakipanga foleni kuanzia alfajiri, na iliyopatikana ilikuwa ya chenga chenga, rangi ya vumbi. Na chumvi ya sokoni nayo siku hizo ilikuwa ile ya kupimwa kwa mkebe, chenga chenga, rangi ya vumbi. Bila miwani vilikuwa ndugu. Nikateka kijiko, nikakisawazisha kwa kisu, nikahesabu kwa sauti na watu wakanifuata, moja, mbili, tatu, mpaka sita, kama darasa la watoto. Halafu nikafungua mkebe wa CHUMVI, nikatia nusu kijiko. Nikakoroga. Nikachota kijiko cha kwanza na kumwinamia Mwangi, na mstari wangu wa wino mwekundu ulikuwa ubaoni nyuma ya kichwa changu, unasomwa na kila mtu isipokuwa mimi.

"Aisee, ngoja!" Ilikuwa sauti ya Omondi. "Kama ni dawa, kunywa wewe kwanza. Glasi nzima. Sisi hapa tunakungoja."

"Kunywa! Kunywa!" umati ukaitikia.

Nilimchukia Omondi wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Mpaka leo, kila nikikaa kimya, namshukuru.

Nikarudisha kijiko, nikajaza glasi ya Karanja, nikainua kichwa na kuimeza yote kwa mfululizo bila kupumua, kama mtu asiye na shaka. Ilipofika katikati ya koo ulimi ukaniletea habari. Ilikuwa chumvi. Haikuwa chumvi ya mchuzi, wala ya machozi, ilikuwa chumvi inayoshika masikio, na kila kitu ndani yangu kikasema tema, lakini macho ya watu thelathini yalikuwa kwangu, ya Cucu yakiwa mbele, basi nikameza, nikaweka glasi chini, na (hapa ndipo naona haya zaidi) nikatabasamu.

Nilitabasamu! Nilikuwa natafuta muda tu, nifikirie la kusema. Lakini Mama Wambui alikuwa ananitazama mimi, yeye peke yake hakuwa na mzaha, alikuwa na mtoto anayemponyoka, na alipoona nimetabasamu akaamini. Akachukua kijiko. Akachota kwenye jagi. Nilipogeuka, kijiko kilikuwa kimefika kidevuni mwa Mwangi na mdomo wake umefunguka.

Sikumbuki kuwaza. Nilipiga mkono wa mama wa watu, kijiko kikaruka, kiwiko changu kikagonga jagi, na lita nzima, kasoro glasi yangu, ikammwagikia Cucu kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatuni.

"Ngai!" Cucu akalia.

Nikafungua mdomo kuomba msamaha, na badala ya msamaha yakatoka maji. Yalitoka kwa nguvu, nikashika ukuta wa Karanja, nikainama (si kuzimia), nikatapika chini ya ubao wangu mwenyewe, chini kabisa ya WATAALAMU WAMEGUNDUA NINI, na nilipoinua macho nione nani amebaki, nikakuta vile vitambaa vyeupe vya akina mama wa kanisa vimepangana mbele yangu, na katikati yake mke wangu ameshika Biblia.

"Woi, Baba Nafula amelewa," mmoja akasema taratibu, kwa huruma kabisa. "Na leo ni Jumapili."

Chupa mbili za bia zilikuwa pale mezani. Umati ulikuwa hauna mbavu, Omondi amekaa chini kabisa, machozi yanamtoka.

Mama Nafula hakucheka wala hakunisikitikia. Aliona kikapu, akaona mikebe, na uso wake ukabadilika. "Nani alikuambia uguse mikebe yangu?"

"Nilichukua sukari," nikasema, "na chumvi."

"Ulichukua chumvi ukaiita sukari! Sukari iko kwa mkebe wa chumvi, nilizibadilisha mimi tangu mwezi uliopita ili..."

Alikuwa amechelewa kujizuia. Jiko lilikuwa la familia mbili tu, na familia ile nyingine ilikuwa imekaa pale kwenye kreti ya soda. Kicheko kikakatika ghafla, watu wote wakamtazama Mama Wambui, na Mama Wambui akainuka polepole, akamfunga mtoto wake mgongoni.

"Ili nisiibe," akamalizia yeye. Akaondoka, na Cucu nyuma yake, amelowa, akisema kwa sauti ya kusikika soko zima kwamba yeye alisema tangu asubuhi, yeye alisema.

Basi hapo ningeweza kwenda kulala. Nilikuwa nimetapika hadharani, nimeitwa mlevi na kanisa, nimemwogesha bibi wa watu, nimewagombanisha wanawake waliopika jiko moja miaka minne, na mtu mwenye akili timamu angefunga mlango na kuomba uhamisho. Lakini nilipokuwa nanawa uso kwenye bomba nilikiona tena kile kijiko kidevuni mwa mtoto, nikajua kwamba aibu yangu haina maana yoyote, kilicho na maana ni kwamba mtoto bado amekauka na sasa hakuna mtu mtaani atakayethubutu kumpa maji kwa sababu yangu. Makala haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mimi. Nikaapa pale bombani kwamba siondoki mlangoni kwa Mama Wambui mpaka mtoto yule anywe.

Nikagonga.

"Aca! Nenda zako!" Ilikuwa Cucu, kwa ndani.

Nikagonga tena. Nikaleta kigoda nikaketi mbele ya mlango wao, majirani wote wanatazama, nikaanza kuongea na mbao. "Mama Wambui, mimi ni mjinga, na nitakuwa mjinga hata kesho, lakini mtoto hawezi kungoja mpaka nipate akili. Kile nilichosema asubuhi ni kweli. Mikebe ndiyo ilikuwa mibaya. Nipige, nitukane, nifukuze, lakini mpe mtoto maji." Nikarudia yote tangu mwanzo, vijilango na bawabu na sukari, nikarudia mara ya tatu, na Omondi aliyekuwa amekuja kuendelea kucheka akasimama pale kwenye kona na taratibu akaacha kucheka.

Ndipo mke wangu akatoka chumbani kwetu. Bado alikuwa na kitambaa cha kanisa. Mikononi alikuwa amebeba ule mkebe wenye maandishi CHUMVI, na miwani yangu. Akanivalisha miwani kama mtoto, akapiga magoti pale mlangoni, kitu ambacho sijamwona akifanya nje ya kanisa.

"Mama Wambui, ni mimi. Nilikudhania vibaya. Siku moja nilikuta sukari imepungua nikasema moyoni ni wewe, sikukuuliza, nikaficha. Hii hapa yote, si kijiko, chukua mkebe mzima. Nisamehe, dada."

Mlango ukafunguka kidogo, na Mama Wambui akasimama pale macho mekundu. Akautazama mkebe, akamtazama mke wangu, na midomo yake ikaanza kucheza. "Kumbe ndiyo maana ile chai..." akasema.

"Chai gani?"

"Wiki jana nilikosa sukari. Nikaona mkebe wenu, nikasema nichukue kijiko kimoja nitarudisha. Mama Nafula, nilitia tatu! Nikameza chai ya chumvi yote mpaka mwisho, nikasema ni Mungu ananiadhibu kwa kuiba, na nikanyamaza."

Wanawake wale wawili walitazamana, halafu wakashikana pale mlangoni wakilia na kucheka kwa pamoja, na mimi kwenye kigoda nilicheka nao kidogo, koo likiwa bado linaniuma.

Tukayachanganya tena, safari hii jikoni, bila umati. Mke wangu alipima, Mama Wambui alihesabu, mimi nilishika kisu cha kusawazisha. Sita kutoka mkebe wa CHUMVI, nusu kutoka mkebe wa SUKARI. Nikaonja mimi, akaonja mke wangu, akaonja Mama Wambui. Halafu nikamletea Cucu kijiko, kwa mikono miwili. Alikuwa amebadilisha nguo, amejifunga shuka, akakipokea. Akaonja. Akaonja tena.

"Ni kama machozi," akasema.

"Ndiyo, Cucu. Hivyo hivyo."

Akanyoosha mkono, akachukua kikombe kizima kutoka kwangu. "Leta huyo mtoto. Nyinyi mna haraka, mtampalia." Na yeye, aliyesema maji yasiguse mdomo wa mtoto, ndiye aliyemnywesha, kijiko kimoja, anangoja, kijiko kingine, anangoja. Mwangi alitapika mara moja, lakini Cucu akasema tu, "Ni kawaida," akangoja kidogo akaanza upya. Alasiri yote ilikwenda hivyo. Kikombe cha kwanza kikaisha, cha pili kikaanza. Omondi alileta kigoda chake, akakaa nje na mimi, na kila baada ya muda alikuwa anauliza kwa sauti ya chini, "Amekunywa?"

Jua lilipokuwa linashuka nyuma ya nyumba, Cucu akachoka mkono, akanipa mtoto nimshike dakika moja. Nikampakata. Macho yake yalikuwa yamefunguka vizuri, ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi. Halafu nikasikia joto kwenye paja, likaenea, likashuka mpaka gotini, kwenye suruali ya kanisani, suruali pekee niliyokuwa nayo isiyo na kiraka, na nikapiga kelele, "Amekojoa! Amekojoa!" na nyumba nzima ikaruka, Mama Wambui akipiga vigelegele, majirani wakitoka milangoni wakiuliza kuna harusi ya nani. Tangu asubuhi mtoto yule hakuwa ametoa hata tone.

Kesho yake alfajiri tulimpeleka zahanati, mimi nikachelewa kazini. Muuguzi alimpima, akamfinya ngozi, akauliza tumempa nini, Cucu akamweleza habari yote ya bawabu wa dansi na sukari bila kuruka neno, na muuguzi akasema tuendelee vivyo hivyo na tusiache kumnyonyesha. Mwangi sasa yuko shule, na ni mtundu wa kutosha.

Kuhusu mimi, baraza la kanisa lilinihoji juu ya zile chupa, wakanisamehe baada ya kucheka kwanza. Jina la Profesa wa Chumvi likabaki. Lakini kuna kitu nilikiona miezi iliyofuata ambacho karatasi zangu zote za ubaoni hazikuwahi kukifanya. Nilikuwa napita sokoni nikamsikia mama muuza nyanya anamwelekeza msichana aliyejifungua juzi: "Sita za sukari, nusu ya chumvi, uonje kwanza, usifanye kama Profesa." Nikaisikia kwenye bomba la maji. Nikaisikia kutoka kwa mtu wa mtaa wa Donholm ambaye hanijui kabisa, akinisimulia mimi mwenyewe habari yangu (kwake nilikufa). Watu waliosahau setilaiti na ndui kabla hawajafika nyumbani hawajasahau vipimo vile mpaka leo, kwa sababu kila wakivitaja wananiona nimeinama kwenye ukuta wa Karanja.

Ubao bado upo. Mikebe bado ipo, sukari kwa sukari na chumvi kwa chumvi, na jikoni siingii tena kuchukua kitu bila kumuuliza mwenyewe. Na niliapa, na naapa tena mbele yenu, kwamba sitamweleza mtu jambo la kuweka mdomoni mwa mtoto kabla sijaliweka mdomoni mwangu. Vile vijiko sita walivigundua wataalamu, na ile nusu waliigundua wao. Kuonja kwanza nao walikuandika, nami nikakunakili kwa wino mwekundu, lakini huo utafiti niliufanya mwenyewe.